Nilishika breki, wa nyuma yangu akaanguka. Nimlipe ringi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makongo, Dar es Salaam, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Septemba 2025 niliangalia kwenye televisheni mashindano ya dunia ya baiskeli pale Kigali, nikashikwa na hamu ambayo sikuwa nayo tangu utotoni. Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, fundi akaiweka sawa, nikawa nazunguka nayo mtaani jioni. Jirani akaniunganisha na kikundi kinachotoka Mwenge kila Jumamosi alfajiri kwenda Bunju na kurudi.

Nilifika saa kumi na moja na nusu, giza bado halijaondoka. Tulikuwa kama kumi na wawili. Tukasalimiana, tukapiga picha, tukaondoka. Hakuna aliyenieleza chochote, isipokuwa kaka mmoja aliyekuwa nyuma yangu. Kila nikibaki nyuma kidogo anapaza sauti, "Dada, usiache gepu! Ziba gepu!" Basi nikaziba. Nikambana aliye mbele yangu, macho yote kwenye tairi lake.

Wakati wa kurudi, tukikaribia Tegeta, wa mbele yangu akakwepa ghafla kuelekea kulia. Nikaona shimo liko hapo hapo miguuni. Nikashika breki zote mbili. Nikasikia mkwaruzo nyuma, kugeuka yule kaka yuko chini kwenye mchanga. Mimi sikuanguka. Yeye alichubuka kiwiko na goti, na ringi yake ya mbele ikapinda hata haizunguki.

Alinisema pale pale mbele ya watu wa kituoni: "Nani kamleta huyu?" Kiongozi wa kikundi alinyamaza. Jioni kwenye grupu la WhatsApp yule kaka akaandika kwamba nimlipe ringi, shilingi laki moja na nusu. Mwingine akaongeza kwamba wanawake tuanzie uwanjani kwanza. Sijarudi tena. Mume wangu anasema, "Si nilikwambia?"

Mjomba, kosa ni la nani? Nimlipe? Na nikitaka kurudi, nifanyeje nisiwe kero? Wenzangu wanaonekana kujua mambo ambayo mimi sikufundishwa. Halafu wameniambia ninunue vile viatu vinavyonasa kwenye pedeli. Ninunue?

Mgeni wa Kikundi, Makongo

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana, na yule kaka naye pole yake, maana goti lililosuguliwa na mchanga si mchezo.

Nianze na kosa, kwa kuwa naona ndilo linalokukosesha raha. Aliyekugonga ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuacha nafasi. Wa nyuma anamwona wa mbele. Wa mbele hana macho kisogoni. Kwa hiyo popote watu wanapoendesha baiskeli kwa msururu, kila mmoja analinda tairi lake la mbele mwenyewe. Kaka yako alijisogeza karibu mno, hata ulipopunguza mwendo hakuwa na pa kwenda. Ukaribu ule aliuchagua yeye, na akakulazimisha na wewe uuchague.

Sisemi kwamba breki yako ilikuwa nzuri. Kukamata breki zote mbili kwa nguvu katikati ya msururu ni jambo la hatari, na nitakueleza cha kufanya badala yake. Lakini ulifanya hivyo kwa sababu shimo ulilipata likiwa limeshafika. Aliye mbele yako aliliona mapema, akalikwepa, akanyamaza. Neno moja tu, "Shimo!", lingetosha: wewe ungepunguza taratibu, na wa nyuma yako angejua kwa nini unapunguza. Kwenye orodha yangu ya wenye makosa wewe ni wa nne. Wa kwanza ni kiongozi aliyemchukua mgeni gizani, kwenye Barabara ya Bagamoyo, akamweka katikati ya watu kumi na wawili bila hata dakika kumi za maelezo. Alikuwa na muda wa picha.

Sasa nikueleze kwa nini yeye aliyegonga ndiye aliyeanguka na wewe uliyegongwa ulibaki umesimama. Watu wengi hushangaa. Baiskeli haisimami yenyewe. Tunaisimamisha kwa kugeuzageuza hendeli kidogo sana, kushoto, kulia, muda wote, bila hata kujua kwamba tunafanya hivyo. Tairi lako la nyuma halina kazi hiyo, likisukumwa unayumba tu. Lakini tairi la mbele likishaegemea tairi la mtu mwingine, huwezi tena kuligeuzia upande ule unaoangukia. Usawa umekwisha. Tena mwili, kwa kuogopa, unajivuta kando, na huko ndiko kunakokumalizia. Mambo yote yanaisha kabla hujasema "mama".

Ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote kwa anayejifunza ni kuacha tairi lake la mbele lipishane na tairi la nyuma la mwenzake. Yaani wewe uko nyuma kidogo, lakini ubavuni, tairi lako limeingia sambamba na lake. Ukiwa hapo, mwenzako akikwepa jiwe hata kwa kiganja kimoja, wewe uko chini na yeye anaendelea na safari. Ukijikuta hapo, acha kukanyaga, rudi nyuma taratibu. Hutakiwi kuomba ruhusa wala kueleza.

Hiyo "ziba gepu" umeipata kwa watu waliotazama Kigali kama wewe ulivyotazama. Wale ulioona wamebanana walikuwa kwenye barabara iliyofungwa, hakuna daladala, hakuna bodaboda inayokuja kinyume, na wengi wamekuwa wakifanya hivyo tangu wakiwa watoto. Wanabanana kwa sababu ya upepo: anayejificha nyuma ya mwenzake kwa mwendo mkali huokoa robo ya nguvu zake, wakati mwingine theluthi. Kwa mwendo mkali, nasema. Ukinzani wa hewa huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakurudisha nyuma mara nne. Kikundi cha Jumamosi kinachokwenda kilomita 20 au 22 kwa saa kinapata faida ndogo kwa kubanana, na hatari inabaki ile ile.

Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa unapita karibu mita saba kila sekunde. Akili ikishituka, kidole kikatafuta breki, tayari umeshatembea mita kadhaa. Wewe acha nafasi ya baiskeli moja nzima mbele yako, mbili ukiwa mteremkoni au barabara ikiwa imelowa. Mtu akikupigia kelele uzibe, mwambie, "Pita kaka, nipo sawa." Akitaka gepu lizibwe, alizibe yeye.

Halafu acha kuangalia tairi. Hili ndilo lililokuponza zaidi ya breki. Ukikodolea tairi la mbele yako, barabara yote huioni, na habari zote unazipata zimechelewa. Inua macho, tazama juu ya bega la mwenzako, mbali, mpaka kwa mtu wa tatu au wa nne mbele. Wakiinuka kwenye siti zao wote kwa zamu, hapo kuna tuta. Wakihama kulia mmoja baada ya mwingine, hapo kuna kitu kushoto. Tairi la jirani utaliona tu kwa pembe ya jicho. Na usikae nyuma yake kabisa kama mkia. Jitoe kando upana wa kiganja, ili ukishindwa kusimama uwe na upenyo. Lakini uwe bado nyuma yake, si ubavuni.

Kuhusu breki. Katika msururu, breki ni kitu cha mwisho. Kwanza acha kukanyaga. Kisha keti wima, kifua chako kikamate upepo, utaona mwendo umepungua wenyewe. Ikibidi breki, gusa kidogo, achia, gusa tena, na sema "Polepole!" wakati huo huo. Shimo likishafika hivyo miguuni huna muda wa kulikwepa, mara nyingi ni salama zaidi kulipita: nyanyua makalio kwenye siti, pedeli zikae sawa, viwiko vilegee, iache baiskeli iruke yenyewe kama farasi. Utapata pancha pengine. Pancha inazibwa. Na kwa kuwa baiskeli yako ni ya mtumba, hakikisha unajua mkono upi unashika breki ya mbele. Za kutoka Japani kwa kawaida breki ya mbele iko kulia, nyingi za bara la Ulaya iko kushoto, na mafundi wetu nao hubadilisha wanavyopenda. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, na ndiyo itakayokurusha juu ya hendeli ukiikamata ghafla peke yake.

Kuna kosa jingine dogo ambalo watu wa miaka mingi bado wanalifanya. Unapanda kilima, umechoka kukaa, unainuka ukanyage umesimama. Wakati wa kuinuka unaacha kukanyaga kwa nukta moja, na baiskeli yako inarudi nyuma kidogo ikilinganishwa na ya mwenzako. Wa nyuma anaona tairi limemjia usoni. Inuka wakati mguu unashuka, kanyaga kwa nguvu kidogo zaidi unapoinuka, na sema "Nainuka" kama kuna mtu karibu. Mazoezi ya hili fanya peke yako.

Maneno yenyewe si mengi, na kila kikundi kina yake, kwa hiyo uliza. Ya kawaida ni: shimo, tuta, rasta (vile vituta vidogo vinavyofuatana), mchanga, vioo, gari nyuma, gari mbele, nasimama, pancha. Anayeona wa kwanza ndiye anayesema, na kila mmoja analirudia mpaka limfikie wa mwisho. Ukilinyamazia, limekufa kwako. Mikono nayo ina kazi: kidole kuonyesha shimo lilipo, mkono nyuma ya mgongo ukipunga kuelekea kulia kama kuna gari limeegeshwa kushoto na watu wahame, kiganja juu kusimama. Lakini kama bado huwezi kuendesha kwa mkono mmoja bila kuyumba, usiondoe mkono. Tumia mdomo. Mgeni anayetoa ishara nzuri huku akiyumba anatia hofu kuliko aliyenyamaza.

Neno moja nakukataza: "Pita, kweupe!" Hulisikia kwenye makutano, wa mbele anavuka kisha anawaambia wenzake wapite. Pale aliposimama yeye palikuwa peupe kwake, sekunde ile. Wewe ni mtu wa sita. Kila mtu na shingo yake, angalia mwenyewe. Taa zikiwaka nyekundu katikati ya kikundi, waliobaki wanasimama, waliovuka wanakwenda taratibu na kusubiri mahali salama nje ya lami. Hakuna kukimbilia.

Sasa barabara yenyewe. Barabara ya Bagamoyo si mbaya alfajiri, lakini ina mambo yake. Ukingoni mwa lami kuna mchanga, na tangu ujenzi wa njia ya mwendokasi uanze huko, kuna mahali lami ya zamani na mpya hazikutani sawa. Tairi likidumbukia kwenye ule mfereji mwembamba unaokwenda sambamba na wewe, hutoki bila kuanguka. Usijisogeze ukingoni kabisa. Kaa kama mita moja ndani, wenye magari wakuone na wewe upate pa kukimbilia. Rasta ukizipita, shika hendeli imara lakini usikaze viwiko, wala usishike breki juu yake.

Daladala ndiye mwalimu mkali. Akiwa mbele yako na konda amening'inia mlangoni, ujue anaingia kituoni, hata kama kituo hakipo. Usimpite kushoto. Kamwe. Abiria wanashukia huko. Lori na basi linalokata kona kushoto vivyo hivyo: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, na yeye hakuoni wewe. Bodaboda zinazokuja kinyume ukingoni, mpe njia mapema kwa kusogea ndani baada ya kuangalia nyuma, na waambie wenzako "Boda mbele!" Ubishi wa nani mwenye haki uacheni kwa watu wa usalama barabarani.

Kwenye barabara yenye magari, watu wapya waende mmoja mmoja, na wakiwa wengi wagawanyike makundi ya watu wanne watano yenye nafasi katikati, ili gari liweze kupita kundi moja, lipumue, lipite la pili. Mtu akikwambia kubadilishana wa mbele kwa zamu kama mashindanoni, mwambie hapana. Sisi tunaendesha kushoto, na anayejitoa mbele kwenda nyuma mara nyingi hujitokeza kulia, yaani kwenye magari. Kiongozi akae mbele mpaka mahali pa kupumzika. Siku ukiwekwa mbele, usiongeze mwendo. Karibu kila mgeni akipewa nafasi ya mbele anataka kuonyesha kwamba anaweza, anaongeza kidogo tu, na huko nyuma wanakufa. Wa mbele akiongeza kidogo, wa nyuma kabisa anatakiwa aongeze sana. Wa mbele akigusa breki, wa nyuma anasimama. Ni foleni ile ile ya taa za Mwenge: taa ya kijani imewaka muda mrefu, gari la ishirini ndiyo kwanza linaanza kusogea.

Ukiendesha sambamba na mtu mnaongea, kaa naye bega kwa bega. Wapo wenye tabia ya kuwa mbele nusu tairi kila wakati. Unaongeza umfikie, naye anaongeza. Mwisho mazungumzo yamekatika, mnakimbizana bila mtu kutangaza mashindano, na kikundi kizima kimetawanyika. Mpe mtu wa namna hiyo njia yake.

Upepo nao. Miezi ya kaskazi, ukienda Bunju upepo unakujia usoni kwa upande wa baharini, na watu bila kujijua wanasogea kushoto kwa mwenzao kuukimbia. Hapo ndipo matairi yanapoanza kupishana. Ukihisi upepo wa ubavuni, ongeza nafasi, usitafute kivuli.

Yapo ya adabu ambayo mtu haambiwi, ananuniwa tu. Kutema mate na kupenga kamasi: nenda nyuma kabisa, elekeza kushoto, chini. Maji kunywa ukiwa nyuma au mliposimama, usichomoe chupa katikati ya watu, na jua la Dar linataka unywe kabla ya kiu. Simu haitoki mfukoni mkiwa kwenye mwendo, picha ni za Bunju. Masikioni usiweke kitu, hata upande mmoja, maana "Gari nyuma!" haina maana kwa asiyesikia. Taa yako nyekundu ya nyuma iwake moja kwa moja, isimemete kwa nguvu, kuna mtu anaitazama nusu saa nzima. Kizibao chenye riflekta vaa, saa kumi na moja na nusu ni usiku. Kofia ngumu ikae vidole viwili juu ya nyusi. Nyingi naziona zimeegemea kisogoni, paji la uso liko wazi. Yule kaka kama aligonga kichwa hata kidogo, ile kofia yake imeshamaliza kazi, anunue nyingine.

Kama unavaa ushungi, ncha zake ziingie ndani ya blauzi, na suruali pana ifungwe mguu wa kulia, upande wa mnyororo. Na beba tyubu ya saizi ya tairi lako mwenyewe. Usitegemee ya mwenzako: kuna vali nene kama ya gari na kuna nyembamba, na pampu ya moja mara nyingi haiingii kwa nyingine. Ukipata pancha, sema, toka nje ya lami kabisa, na kikundi kizima kitoke, si watu kumi kusimama barabarani kukutazama ukiziba.

Turudi kwa laki moja na nusu. Usilipe kama faini. Nilivyozoea mimi, kwenye baiskeli kila mtu hubeba hasara ya chombo chake, isipokuwa mtu amefanya uzembe wa wazi, mfano alikuwa anachezea simu. Ukilipa kama anavyodai, umekubali mbele ya kikundi kwamba wa mbele ndiye mwenye kosa, na mgeni atakayekuja baada yako atalipishwa pia. Tena mwambie ampelekee fundi kwanza, maana ringi nyingi zinazoitwa zimekufa hunyooshwa kwa kukaza na kulegeza spoki, kwa bei ambayo haifiki hata robo ya hiyo. Lakini mpigie simu. Si ujumbe kwenye grupu, simu. Mjulie hali ya goti. Ukitaka kumpa kitu cha pole, mpe kwa hiari yako, kiasi chako, na useme ni pole. Mtu akijuliwa hali, mara nyingi hasira hupungua.

Kwenye WhatsApp usijibu. Yule wa "wanawake waanzie uwanjani" hakuwa na nia njema, ila kwa bahati kasema jambo la kweli kwa watu wote: kila anayeanza aanzie uwanjani, na wanaume wawe wa kwanza, kwani wao ndio hawapendi kuambiwa. Tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi, chukua jirani yako. Endesha mstari mnyoofu kwa mkono mmoja. Geuza shingo uangalie nyuma bila kuyumba. Hili gumu, litakuchukua siku. Mfuate jirani kwa nafasi ya baiskeli moja huku yeye akipunguza na kuongeza bila kukwambia. Jifunze kusimama ghafla ukiwa peke yako, makalio yamesogea nyuma ya siti.

Kisha mtafute kiongozi, uso kwa uso, kabla ya Jumamosi. Usiende kulalamika. Muulize mwendo wa kikundi ni upi, wanasubiriana wapi, na nani anakaa mwisho kabisa. Kikundi chenye akili kina mtu wa mwisho anayejulikana, mwenye simu, pampu na tyubu, ambaye hampiti mtu yeyote. Akikujibu kwa ufasaha, mwombe uende nyuma, mbele ya huyo wa mwisho, Jumamosi mbili tatu. Akicheka au akisema "tunaendaga tu", tafuta kikundi kingine, Dar es Salaam vipo vingi, au anzisheni cha kwenu na jirani. Watu wawili wanatosha.

Mumeo usimbishie. Mchukue akuone pale uwanjani unavyotazama nyuma na kusimama. Anayekuogopea barabarani hatulizwi kwa maneno.

Na viatu vya kunasa, hapana, bado. Faida yake ni kwa anayekanyaga kwa nguvu muda mrefu, na gharama yake ni kwamba siku utakaposahau kuchomoa mguu utaanguka umesimama, taratibu, huku watu wanakutazama. Karibu kila anayevivaa huanguka hivyo angalau mara moja. Vaa raba zenye soli ngumu mpaka mambo ya breki na nafasi yawe yanakuja bila kufikiri. Ukishavinunua, siku ya kwanza iwe kwenye nyasi za uwanja ule ule, si kwenye taa za Mwenge mbele ya abiria.